Mkono wa Kushoto wa Suti ya Kuzamia

Suti ilining'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani yangu wiki tano hivi, mwanzoni mwa mwaka 2014, na kila mteja aliyeingia kibandani kwangu Kasulu aliiuliza. Ilikuwa nyeusi, ya mpira mzito unaobonyea ukiuminya, mikono na miguu yote kitu kimoja, zipu ikipita mgongoni kutoka kiunoni hadi shingoni. Mama mmoja aliyeleta sketi za shule za binti zake alisema inamtia hofu, inafanana na mtu aliyechunwa. Nikamweleza kuwa ni nguo ya kuzamia ziwani. Akageuka, akatazama nje, tope jekundu, migomba, vilima, kisha akaniuliza, "Ziwa gani tena, fundi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ziwa Tanganyika liko chini kabisa, ng'ambo ya vilima, saa tatu kwa basi barabara ikiwa nzuri, na mvua za mwezi ule hazikuiacha iwe nzuri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu na sikuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti yangu. Lakini nilikuwa nimemwahidi kaka yangu kwamba mwezi wa pili, msimu wa kushona sare ukiisha, nitafunga kibanda wiki tatu niende likizo kwake.

Kaka yangu, aliyenizidi miaka minne, alikuwa mzamiaji. Hakuvua samaki wa kula. Alikamata wale wadogo wa rangi wanaokaa kwenye mawe, ambao wanunuzi huwasafirisha nje wakafugwe kwenye masanduku ya vioo. Huko chini alipumua kwa mpira mrefu uliounganishwa na mashine ya kusukuma hewa, na mashine hiyo ilikaa juu, kwenye boti. Kwenye boti lazima awepo mtu. Kazi ya mtu huyo ni kutazama tu: mafuta ya injini yasiishe, mpira usijikunje, na kamba iliyofungwa kiunoni mwa mzamiaji ikivutwa, ajue imevutwa mara ngapi. Wenyewe waliiita kushika mpira.

Krismasi ya 2013 tulikutana nyumbani kwa mama, Murungu, upande wa Kibondo. Kaka alinikuta jikoni nachambua maharage, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mshika mpira wangu anaenda kwao kuoa," akasema. "Ataondoka mwanzoni mwa mwezi wa pili, na huko atakaa wiki tatu."

"Tafuta mwingine."

"Nimeshampata. Wewe."

Nilicheka. "Kaka, mimi naogopa hata beseni."

"Ndiyo maana nakutaka. Wale jamaa wote pale hawana woga, na mtu asiye na woga analala. Wewe ulikuwa unakaa mbele ya chungu cha maharage mpaka yaive, unahesabu mapovu. Nikiwa chini nataka mtu wa hivyo awe juu yangu."

Mama akasema kwa Kiha kwamba mtoto wa kike hazamii. Kaka akamjibu kwamba mtoto wa kike atakaa kwenye boti, kuzamia kutakuwa zawadi yake. Kila jioni kazi ikiisha angenifunga mpira wa pili na kunishusha kidogo, kina cha urefu wa nyumba ile, nikaone. Kuna samaki mmoja huko, alisema, anabeba watoto wake mdomoni. Anawatema wacheze, na akiona hatari wote wanarudi mdomoni.

"Uje na nguo ya kuingilia majini," aliongeza. "Ukikaa sana baridi inakuingia."

"Wewe unavaa nini?"

"Sweta. Lile la shule."

"Kumbe ndiko lilikokwenda!" mama akamaka.

"Yupo mzee anakodisha suti zenyewe. Unamwachia kadi ya kura, unavaa, jioni unarudisha."

"Zinafuliwa?"

"Zinafuliwa na ziwa." Alicheka mpaka akashika mbavu. "Na nikwambie ukweli, kila mtu anakojoa humo humo. Mkojo ndio unaoleta joto."

Alitaka nicheke, na nilicheka. Lakini siku aliyoondoka, neno lile la mkojo ndilo nililobaki nalo. Samaki sikumkumbuka, wala zile habari za woga. Nilikuwa nimepata kitu cha kuhangaikia ambacho hakikuwa maji.

Lazima niseme nilivyo, la sivyo yaliyofuata yataonekana kama bahati mbaya. Kushona sikufundishwa na mtu. Nilianza kwa kununua magauni ya mitumba na kuyafumua mpaka kila kipande kikae peke yake mezani, nione yalivyounganishwa, halafu nikayarudishia. Nilijifunza kwa wembe kabla ya kujifunza kwa sindano. Mtu aliyejifunza hivyo anabaki na ugonjwa: haamini mshono mpaka aufumue. Wateja walinisifu kwa usafi wa kazi na walinilaani kwa kuchelewesha. Bibi harusi mmoja alivaa gauni lake kibandani kwangu huku kwaya imeshaanza kuimba kanisani, kwa sababu pindo halikuwa limeniridhisha.

Januari, kati ya sare na sare, nilikwenda kwenye duka la intaneti, nikasoma kuhusu suti za kuzamia, nikachapisha kurasa kumi na moja. Kisha nikaligawa katikati karatasi la daftari la vipimo. Upande wa kushoto nikaandika kukodi, wa kulia kununua. Nilijifunza kwamba suti haizuii maji. Inaruhusu maji kidogo yaingie, mwili unayapasha joto, na joto hilo ndilo linalokukinga. Ikikupwaya, maji yanaingia na kutoka na unabaki kama hukuvaa kitu. Basi kukodi kukaonekana ni upuuzi. Mtu niliyeshona viuno vya watu wengine miaka minne nikavae kiuno cha mtu mwingine, tena chenye mkojo?

Lakini kununua nako kulikuwa na maswali yake. Kununua wapi? Ya unene gani? Na kama nikishaizoea nyumbani nikafika huko nikaona haifai? Nikampigia kaka.

"Yule mzee ana saizi gani?"

"Ana saizi ya mtu."

"Na unene? Ni milimita tatu au tano?"

"Mdogo wangu, unakuja kushika mpira au unakuja kuolewa?"

Kwenye soko la Kasulu alikuwapo mama muuza mitumba aliyetuitaga sisi mafundi kila alipokata kamba za belo jipya. Nilimweleza ninachotafuta. Akaingia nyuma ya meza, akatoka na kitu cheusi begani.

"Nguo ya kurinia asali," akasema. "Nyuki hapitishi mwiba hapo hata akiwa na hasira za mama mkwe."

Nikamwambia si ya asali. Akakataa katakata. Mrina asali mmoja kutoka Kibondo alikuwa ameijaribu wiki iliyopita, ametoka ndani yake amelowa jasho lakini ameipenda, na angerudi siku ya gulio. Nilikwenda kuitazama mara tatu. Niliigeuza ndani nje, nikavuta kila mshono, nikainusa makwapani.

"Fundi, unaikagua kama daktari wa maiti," yule mama akaniambia siku ya tatu, na wauzaji wa jirani wakaangua kicheko. "Chukua, au niachie mrina asali wangu."

Nikaichukua. Kwa mara ya kwanza toka Krismasi nilijisikia vizuri, na hali hiyo ilidumu mpaka nilipofika kibandani nikaivaa. Ilikuwa ya mwanamume mpana. Kifuani palibaki nafasi ya kuingiza mto.

Mtu mwingine angeirudisha na kukodi. Mimi niliweka sindano ya ngozi kwenye cherehani na kuanza kukata.

Nilipunguza ubavu wote wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mikono. Mashine ya ovaloki iliitafuna, kwa hiyo nikashona kwa mkono, tundu kwa tundu, na juu ya mshono nikapaka solusheni ya kuzibia mipira ya baiskeli. Fundi baiskeli wa jirani aliyeniuzia aliuliza, "Unaziba pancha ya nani, dada?" Alipojibiwa akaita wenzake waje waone. Nyuma ya kibanda kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Nikaingia humo nimevaa suti, nikachuchumaa maji yakanifika shingoni, huku mama ntilie na wasichana wake wakishangilia kama wako mpirani. Maji yakanipitia mgongoni kwenye kila tundu la sindano. Nikatoka, nikachukua wembe, nikafumua.

Zile kurasa kumi na moja zilikuwa ukutani, nimezibandika mwenyewe. Maji kidogo yanatakiwa kuingia. Niliyasoma hayo kila siku nikifumua.

Siku za kwanza za Februari kaka alipiga simu. "Jamaa ameondoka. Uko wapi?"

"Bado mkono wa kushoto."

"Njoo na mkono mmoja."

"Wiki moja tu, kaka."

Akanisubiri wiki hiyo. Sikujua wakati ule maana ya mzamiaji kukaa nchi kavu wiki nzima, na mwenye boti anapita mlangoni kila asubuhi. Wiki ilipoisha akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaongea karibu na mtu asiyetaka amsikie.

"Mwenye boti anataka niingie kazini. Ana shemeji yake, anasema ndiye ashike mpira."

"Huyo shemeji yukoje?"

"Hana woga," akasema. "Mdogo wangu, achana na hiyo suti. Kodi ya mzee. Nitakufulia mwenyewe, kwa sabuni, nitaianika, utaikuta inanukia."

Nikamwambia, "Jumatatu nakuja."

Nilimaliza Jumamosi. Jumapili, baada ya kanisa, nilifunga mlango wa kibanda nikaivaa. Ilinikaa. Nilinyoosha mikono, nikainama, nikakaa, nikapitisha vidole kwenye kila mshono nikitafuta kosa, na sikulipata. Hapo ndipo nilipojua. Nilisimama katikati ya kibanda jasho likinitiririka ndani ya ule mpira, na hakukuwa na kitu chochote tena kati yangu na maji. Kesho yake ningekaa kwenye boti, chini yangu giza, na pumzi ya kaka yangu ikipita mikononi mwangu. Kama ningekosea, hapangekuwa na kufumua.

Jumatatu sikwenda stendi. Saa nne kaka akapiga simu kuuliza kama nimeshapanda basi. Nikasema, "Bado mkono wa kushoto."

Hakugomba. Akasema, "Haya."

Nilipokata simu nilichukua wembe nikaufumua mkono wa kushoto wote, kutoka kwapani hadi kwenye kifundo, ili nilichomwambia kiwe kweli. Halafu nikakaa nikaanza kuushona upya, taratibu, kwa uzi mpya. Nilifanya hivyo Jumanne na Jumatano. Alhamisi mchana nilikuwa nimefika kwenye kiwiko.

Alhamisi hiyo mchana shemeji wa mwenye boti aliegemea ubavu wa boti, akasinzia. Mafuta yakaisha, mashine ikazimika. Kaka alikuwa amekaa chini muda mrefu, mahali pa kina. Alivuta kamba mara tatu, akavuta tena. Kisha akautoa mpira mdomoni akapanda moja kwa moja, bila kusimama njiani, jambo ambalo wazamiaji wote wanajua halifanywi. Alitoka akiwa hai, akamtukana yule shemeji, akanywa chai. Baada ya saa moja aliomba msaada wa kusimama, na hakusimama tena. Hospitali walisema mapovu ya hewa yalikuwa yameingia kwenye uti wa mgongo.

Mama alinipigia siku ya tatu. Nilisema nakuja hospitali, na siku iliyofuata nilisema tena, na nyingine. Nilikuwa na sababu kila siku. Siwezi kuziandika hapa kwa sababu ni zilezile, nguo hii na nguo ile. Mwishowe mama akasema nisihangaike, wanamrudisha nyumbani kwa gari la kukodi na watapitia Kasulu. Niliwasubiri stendi na begi langu. Kaka alikuwa amelazwa nyuma kwenye godoro, mama amekaa kichwani pake ameshika mwavuli kumkinga jua. Nikapanda, nikakaa miguuni. Nilishika vidole vyake vya miguu, na yeye hakujua nimevishika.

Gari lilipita Makere kabla hajasema neno. Kisha akauliza, "Mkono umeisha?"

"Umeisha," nikasema.

"Hongera."

Hakunidhihaki. Nilimtazama usoni nione kama ananidhihaki, kwa sababu ningefurahi. Alikuwa ananipongeza kama alivyonipongeza siku zote.

Nilihamisha cherehani kwenda Murungu. Watu wa kijijini walisema mama amebarikiwa kuwa na binti wa namna ile, na mimi niliwaacha waseme. Mwezi wa nne kaka alianza vidonda, nyongani na visiginoni, mahali mfupa unapolalia. Muuguzi wa zahanati alituambia ageuzwe kila baada ya saa mbili, na awekewe kitu laini kinachobonyea chini ya mifupa. Tulijaribu kanga zilizokunjwa. Tulijaribu sponji la godoro, likalowa likanuka.

Suti ilikuwa kwenye begi. Niliitoa nikaitandika mezani, nikaikata bila kuchora chaki. Nilitengeneza duara zenye tundu katikati ili mfupa ukae hewani, vipande virefu vya mashavu ya miguu, na viatu viwili vya visigino. Kila kipande nilikifunika kwa kitambaa cha pamba kinachofunguka, kifuliwe. Muuguzi alivigeuza mkononi akauliza nimefundishwa wapi. Kidonda cha nyonga ya kulia kilipona. Cha kushoto kilipungua kikabaki, na mpaka leo kipo.

Nilitundika saa juu ya kitanda. Sikuchelewa kumgeuza hata mara moja, mwaka ule wote na uliofuata. Hata kanisani nilikuwa natoka katikati ya mahubiri. Kaka alikuwa akiniambia, "Unaona? Nilijua," na mimi nilikuwa nikijishughulisha na shuka.

Mwaka 2015, mvua zilipokuwa zinaanza, mchana mmoja nilikuwa nimevifungua vitambaa vyote kuvifua, na vipande vya mpira viko juu ya kitanda vinasubiri. Kaka alichukua kimoja. Mikono yake ilikuwa bado mizuri, na mpira aliujua kuliko mimi. Alikipitishia kidole gumba mara moja, akarudia.

"Hiki kilikuwa wapi?"

"Mkononi."

"Kushoto?"

"Ndiyo."

"Kuna mistari minne ya matundu hapa. Vipande vingine vina miwili." Alikiinua dirishani, mwanga ukapita kwenye vitundu. "Huu umeufumua mara nyingi."

"Mara tatu."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameshakishusha kifuani, anatazama nje, mama akitwanga muhogo uani.

"Mara mbili nilikuwa narekebisha," nikasema. "Ya tatu ulikuwa umeisha. Ilikuwa ile Jumatatu, uliponipigia simu. Nilikudanganya, halafu nikaufumua."

Mchi wa mama uliendelea. Kaka aliweka kidole gumba kwenye mstari wa mwisho wa matundu akakiacha hapo. Midomo yake ilijongea kidogo. Nadhani alikuwa anahesabu siku, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, ingawa huenda hakuwa anahesabu chochote.

"Ulikuwa umekutosha?" akauliza.

"Ulinitosha."

Akanirudishia kile kipande.

"Saa ngapi?"

Nilitazama juu. "Bado robo saa."

"Nigeuze."

Niliingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, nikamgeuza. Aliulaza uso wake upande wa ukuta. Kile kipande cha mkono wa kushoto nilikiweka chini ya nyonga yake, upande wenye matundu ukielekea chini, ili usimkwaruze, nikakaa kwenye kigoda nikiitazama saa.